Picha pana ya mji haitaki kamera ya mamilioni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji wako wa Korogwe aliyelalamika kwamba picha pana ya mji, hii inayoitwa panorama, yaani picha nyingi zilizounganishwa kuwa moja, ni starehe ya wenye fedha. Alisema simu inapindisha nyumba na kukata watu viuno, na kwamba kamera inayoiweza kazi hiyo inauzwa mamilioni. Mimi ni mpiga picha wa hapa Ngamiani, Tanga. Kinachonilisha ni picha za paspoti, harusi na mahafali. Picha pana nilizianza kwa mapenzi tu, ingawa siku hizi shule zinaniita kwa ajili yake. Kwa heshima zote namwambia ndugu yangu huyo kwamba nyumba zake hazikupindishwa na bei ya kamera. Zimepindishwa na miguu yake.

Afanye jaribio dogo. Afumbe jicho moja, anyooshe kidole mbele ya uso na kukilinganisha na nguzo ya umeme iliyo ng'ambo ya barabara. Sasa asogeze kichwa kushoto kidogo. Kidole kimeikimbia nguzo, na hakuna kilichohama isipokuwa jicho lake. Lenzi nayo ni jicho. Ukinyoosha mikono na kuzunguka ukiwa umesimama wima, simu inachora nusu duara hewani, na kila picha inapigwa kutoka mahali pengine. Programu ikija kuunganisha inakuta uzio uko mbele ya mlango kwenye picha ya tatu, halafu uko mbele ya dirisha kwenye picha ya nne. Itachagua upande mmoja na kuukata wa pili. Wataalamu wanaliita jambo hili paralaksi, na hakuna kompyuta inayolimaliza kabisa kama umelikoroga mwenyewe wakati wa kupiga.

Kwa hiyo lenzi ibaki palepale, wewe ndiye uizunguke. Mimi natumia timazi. Fundi mwashi yeyote anayo: uzi wenye chuma chenye ncha. Naufunga uzi kwenye lenzi, upande wa mbele, naiacha timazi ining'inie mpaka ncha ikaribie kugusa ardhi, kisha naweka kizibo cha soda chini yake. Napiga picha ya kwanza. Nasogea kwa hatua ndogondogo za pembeni nikikizunguka kile kizibo, nangoja uzi utulie, nahakikisha ncha imerudi juu ya kizibo, napiga ya pili. Hivyo hivyo mpaka mwisho. Kwa simu, ufunge uzi kwa mpira wa kufungia noti, ushukie nyuma ya simu usawa wa lenzi bila kuiziba. Wapita njia watacheka na watoto watauliza kama unapima kiwanja. Waache.

Mwenye stendi ya miguu mitatu asidhani ameokoka. Kamera hufungwa kwenye stendi kwa tumbo lake, na lenzi iko mbele ya hapo kwa sentimita kadhaa, kwa hiyo ukigeuza bado lenzi inatembea. Zipo reli za chuma za kuirudisha kamera nyuma ili lenzi ikae juu ya mhimili, lakini kwa anayeanza sioni haja ya kuzinunua. Kuna njia rahisi zaidi, nayo ni kuchagua mandhari isiyo na kitu cha karibu. Ukisimama Bustani ya Jamhuri ukaitazama ghuba na Kisiwa cha Toten, kila kitu kiko mbali, na lenzi ikihama kwa upana wa kiganja hakuna atakayejua. Ila benchi, kitasa cha geti au tawi la mti likiingia upande wa mbele, rudi kwenye timazi.

La pili ni mwangaza, na hapa ndipo simu na kamera nyingi zinapowaangusha watu. Kamera ikiachwa ijiamulie, itafungua zaidi ikielekea kwenye miti yenye kivuli na itabana ikielekea kwenye maji yanayong'aa. Picha moja moja zitapendeza. Ukiziunganisha, mbingu inatoka na mistari kama kikoi. Tafuta herufi M (ya kupanga mwangaza mwenyewe) kwenye gurudumu la kamera, elekea upande wenye mwanga mkali kuliko yote (si jua lenyewe, usije ukaumiza macho), pima hapo, halafu usiguse tena mpaka umalize. Kwa siku ya jua kali, ISO 100 (wepesi wa kamera kunasa mwanga), tundu la lenzi la f/8 na kasi ya 1/400 ya sekunde ni mahali pazuri pa kuanzia. Mawingu yakizidi, punguza kasi. Mizani ya rangi iweke kwenye alama ya jua, si kwenye ile ya kujiendesha. Fokasi nayo ipate kwa kitu cha mbali kisha uizime isihangaike. Kwenye simu nyingi ukibonyeza kioo na kushikilia, fokasi na mwangaza hujifunga, na alama ya kufuli hutokea. Kama umevalisha lenzi kichujio cha kukolezea bluu ya mbingu, kivue. Kichujio hicho hufanya kazi kwa kadiri ya pembe yako na jua, na kwenye picha pana kitakuachia doa moja jeusi katikati ya anga jeupe.

Sasa kamera ishikwe wima. Najua inashangaza: unataka picha pana, mbona unasimamisha kamera? Ukiilaza utapata utepe mwembamba, mrefu, usio na mbingu wala ardhi. Ukiisimamisha utahitaji picha nyingi zaidi, lakini utakuwa na kimo cha kukata na kubakiza. Kila picha ipande juu ya mwenzake kwa theluthi moja. Usihesabu digrii, chagua mnazi au mlingoti ulio theluthi ya kulia ya kioo, geuka mpaka uwe theluthi ya kushoto, piga, chagua alama nyingine. Ile lenzi ndogo ya milimita 18 hadi 55 inayokuja na kamera nyingi za bei nafuu, ukiiweka kwenye 35, itakuletea nusu duara kwa picha kama 10. Usitumie 18 ukidhani unaokoa muda. Lenzi pana inavuta vitu vya pembeni, na vitu vya mbali vinabaki vidogo mno. Utaiona Toten na usiweze kuhesabu miti yake.

Na hapo ndipo lilipo jibu la mamilioni ya ndugu yangu wa Korogwe. Kamera ya megapikseli 24 inatoa picha ya pikseli 6,000 kwa 4,000. Picha 10 za wima, kila moja ikipanda theluthi, zinazaa picha moja yenye upana wa pikseli kama 28,000. Ukiichapa kwa ubora wa kutazamwa puani, inazidi mita mbili. Hata kamera ya mtumba ya megapikseli 12 itakupa ya kujaza ukuta wa sebule. Kamera ya mamilioni ikipiga picha moja haifiki hapo.

Kila safu ya picha za kuunganishwa naianza na kuimaliza kwa kupiga picha ya kiganja changu. Ukifika nyumbani na picha 80 za bahari zinazofanana, utanishukuru. Ongeza picha moja kila upande kuliko unavyodhani unahitaji, kwa kuwa kingo hukatwa. Upeo wa bahari uweke katikati ya kioo, hata kama unaona maji yamezidi, kwa sababu ukiinua kamera juu upeo utapinda na ghuba itageuka bakuli. Mwenye pimamaji ndogo aiweke juu ya kamera. Simu nyingi zina mstari wa kuonyesha kama umeinama.

Tanga ina neema yake na vikwazo vyake. Ukisimama Jamhuri unaelekea kaskazini. Kuanzia Oktoba mpaka mwanzoni mwa Machi jua la mchana hupita kusini mwa utosi wetu, kwa hiyo liko mgongoni, na saa nne na nusu asubuhi maji yana rangi. Mwezi wa Juni jua hupita kaskazini, linakutazama usoni, ghuba inakuwa bati. Angalia pia maji. Wakati wa bamvua bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita tatu, kwa hiyo ukitaka ngalawa zikiwa zimelala kwenye tope, au maji yaliyojaa mpaka ukingoni, muulize mvuvi wala si simu. Hapo Deep Sea, kwenye soko la samaki, utampata mtu wa kukuambia bila kutazama popote. Na kwa eneo la bandari lenye ulinzi, omba ruhusa kwanza. Picha nzuri haifai kukulaza kituoni.

Chombo kinachotembea kinataka akili kidogo. Mashua ikikatiza kutoka kushoto kwenda kulia na wewe unapiga kutoka kushoto kwenda kulia, itakufuata, utakuwa nayo mara tatu baharini. Piga ukitokea upande inakoelekea. Bora zaidi, ingoje ifike katikati ya picha moja, uipate nzima, kisha uendelee haraka. Kinacholeta mizimu, yaani vitu vya nusu nusu kwenye picha, ni kitu kilichosimama kwenye theluthi ile ya mpandano halafu kikaondoka. Kwa mawimbi madogo usihangaike, programu huyachanganya vizuri. Kwa watu, kila sehemu piga mara mbili.

Hilo linanileta kwenye picha za shule, na hapa naomba mniwie radhi nirefushe, maana ndiko ninakoulizwa zaidi. Mwalimu mkuu anataka wanafunzi wote kwenye picha moja. Kawaida wanapangwa mstari ulionyooka mbele ya jengo, mpiga picha anarudi nyuma mpaka anagonga mwembe, na nyuso zinakuwa mbegu za ufuta. Wapange upinde badala ya mstari. Nachukua kamba ya mita 10, mwanafunzi mmoja anashika ncha mahali kamera itakapokaa, mimi nashika nyingine na kuchora upinde chini kwa chokaa. Wafupi mbele wakae chini, walimu kwenye viti juu ya chokaa yenyewe, warefu nyuma yao, na wa mwisho kabisa juu ya mabenchi. Kila mtu sasa yuko umbali ule ule kutoka kwenye lenzi, kwa hiyo yule wa pembeni kabisa ana uso mkubwa sawa na wa katikati. Picha ikiunganishwa, upinde unaonekana umenyooka. Jengo lililonyooka nyuma yao ndilo litakaloonekana limevimba tumbo, na mwalimu mkuu atakuuliza. Mwambie mapema, au wageuze wanafunzi waipe mgongo miti.

Ujanja huu si wangu. Wapiga picha wa Marekani walikuwa nao wakati wa kamera iitwayo Cirkut, iliyopata hataza mwaka 1904, ambayo ilizunguka yenyewe kwa mtambo wa saa huku filamu ikipita nyuma ya upenyo mwembamba. Walipanga upinde vilevile. Na watoto wa kule walikuwa watundu vilevile: mmoja anasimama mwanzo wa mstari, kamera ikimpita anakimbia nyuma ya wenzake na kutokea mwisho, basi yuko kwenye picha mara mbili. Hapa kwetu nimewahi kumpata kijana wa namna hiyo. Mama yake aliagiza nakala mbili.

Kuunganisha ni kazi ndogo kuliko watu wanavyodhani, kama ulipiga vizuri. Programu ninayoipendekeza ni Hugin. Ni ya bure, inakubali Windows, Mac na Linux, na imejengwa juu ya kazi ya Mjerumani Helmut Dersch aliyeitoa mwaka 1998. Unaipa picha, inatafuta nukta zinazofanana kwenye kila jozi, inazipanga, inasawazisha rangi, inatoa faili moja. Ikilalamika kwamba jozi fulani hazikushikana, mara nyingi ni mbingu tupu au maji matupu, ambako hakuna cha kushika. Fungua jozi hiyo uweke nukta mwenyewe kwenye mwamba, mlingoti, au kona ya paa. Usiweke nukta juu ya wingu wala ngalawa. Kisha chagua namna ya kuitandaza. Ile inayonyoosha mistari ya majengo inafaa ukiwa chini ya digrii 120. Ukizidi hapo pembe zinavutika vibaya, tumia ya silinda. Kama kompyuta yako ina kumbukumbu ya GB 4, punguza ukubwa wa picha kwa nusu kabla hujaanza, la sivyo utaenda kuswali na kurudi bado inazunguka. Mwenye Lightroom, programu ya kuhariri picha, kazi hii ya kuunganisha anayo ndani yake tayari. Picha za asili usizifute. Baada ya miaka miwili kutakuwa na programu bora zaidi.

Na ile panorama ya kwenye simu, ya kufuata mshale? Siidharau. Kwa kumtumia shangazi Dar sura ya ufuo inatosha. Shika simu wima, viwiko vibane mbavuni, geuka taratibu, miguu izunguke simu na si simu kuzunguka miguu. Lakini simu inaunganisha vipande vyembamba papo hapo na kukupa matokeo tu; ikikosea huna pa kurudi. Ukipiga picha moja moja kwa simu hiyo hiyo, unazo zote mkononi.

Kwa nini nasumbuka kuandika haya? Mwaka 1878 Eadweard Muybridge alisimama juu ya nyumba moja kilimani San Francisco akaupiga mji huo duara zima kwa sahani 13 za kioo. Mwaka 1906 tetemeko na moto vikaumaliza mji ule kwa sehemu kubwa. Anayetaka kujua nyumba gani ilipakana na ipi, anarudi kwenye zile picha 13. Tanga haijapata tetemeko la namna hiyo, lakini kwa uhai wangu nimeona kwenye barabara zetu za namba nyumba zenye baraza zikibomolewa moja moja, na fremu za maduka zikisimama mahali pake. Kila familia ina picha ya bibi akiwa barazani. Picha ya barabara nzima, kona mpaka kona, sijaiona nyumbani kwa mtu. Vijana wana simu, wana miguu, na timazi haizidi bei ya soda chache. Wapande kwenye ghorofa la jamaa yao, kwa ruhusa, wapige mtaa wao leo. Kwenye jina la faili waandike walisimama wapi, waliangalia upande gani, na tarehe. Bila hayo matatu, mjukuu atapata picha nzuri ya mahali asipopajua.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni moja. Picha pana zikikufikia, usizikate ziingie kwenye nafasi ya picha ya kawaida; mara ya mwisho mlipochapa ghuba yetu mlibakiza theluthi ya katikati, na Toten ikabaki nusu. Kurasa mbili za katikati ya gazeti ni karatasi moja isiyo na mkato. Tupe hizo, hata mara moja kwa mwezi, mkoa kwa mkoa. Mkianza na Tanga sitakataa, na ndugu yangu wa Korogwe akileta ya kwao, kizibo cha soda nitamtolea mimi.

Wako,
Mama Studio,
Ngamiani, Tanga.